Pikapu kubwa ya dizeli: mafuta yanaishia wapi?

Wenye pikapu kubwa za dizeli huniuliza swali moja kwa namna tofauti: "Fundi, nifunge nini ili gari lipunguze kunywa?" Wanataka nitaje kifaa. Chipu, dawa ya kumimina kwenye tenki, eksozi pana, chujio la hewa la bei mbaya. Jibu langu huwa haliwafurahishi, kwa sababu mafuta mengi unayoweza kuokoa hayapotelei ndani ya injini. Injini ya dizeli ya kisasa, ikiwa nzima na imepewa mzigo wa kutosha, hugeuza takriban asilimia 40 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Hapo hakuna gereji itakayokuongezea kitu cha maana. Cha kuangalia ni hiyo kazi yenyewe: nani anaipokea, na kwa nini anadai nyingi hivyo.

Kwanza upime. Pikapu za daraja hili, yaani Ford F-250, Ram 2500, Silverado 2500HD na wenzao, huwa na uzito wa juu unaoruhusiwa unaozidi kilo 3,856, na kule Marekani, kwenye soko lake kuu, gari la kuvuka kiwango hicho halilazimiki kubandikwa lebo rasmi ya matumizi ya mafuta. Kwa hiyo huna namba ya kujilinganisha nayo. Kompyuta ya dashibodi nayo inakadiria tu kutokana na amri inazozipa nozeli, vile vipulizia vya mafuta ndani ya injini, na mara nyingi inajipendelea kwa asilimia kadhaa. Njia ya kuaminika ni ile ya zamani: jaza tenki hadi pampu ikate, andika kilomita, endesha hadi tenki likaribie kwisha, jaza tena kwenye pampu ileile gari likiwa limekaa vilevile, kisha gawanya. Tenki moja halitoshi. Dizeli hutoa povu, pampu hukata mapema, na lita mbili tatu zinapotea kwenye hesabu hivihivi. Chukua wastani wa matenki manne matano kabla hujagusa chochote kwenye gari.

Kuna mtego mwingine kwenye kupima, nao ni tairi. Tairi ya 275/70R18 ina kipenyo cha karibu sentimita 84. Ukivua hiyo ukavalisha ya inchi 35, umefika karibu sentimita 89. Tofauti ni kama asilimia 6, na mita ya kilomita haijui kwamba umebadilisha. Inaandika 100 wakati gari limekwenda karibu 106. Mwenye gari anagawanya, anaona ulaji umepanda, anakuja analia. Sehemu ya kilio chake ni hesabu tu. Sehemu nyingine ni ya kweli: tairi kubwa ni nzito, michoro mikubwa ya matope inakula nguvu ikisaga lami, na gari limenyanyuka zaidi kwenye upepo. Kwa hiyo rekebisha mita kwanza, ndipo tuzungumze.

Na ukishapata namba, zigeuze ziwe lita kwa kila kilomita 100. Kilomita kwa lita hudanganya macho. Kutoka kilomita 5 kwa lita kwenda 6 ni kuokoa lita 3.3 katika kila kilomita 100. Kutoka 9 kwenda 10 ni kuokoa lita 1.1 tu. Mwenye pikapu inayovuta tela ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoa mafuta kuliko mwenye gari dogo, ila namba zake hazionekani za kujivunia.

Sasa upepo. Hapa ndipo penye pesa nyingi kuliko kwingine kote kwa anayetembea barabara kuu. Nguvu inayolisukuma gari nyuma huongezeka kwa mraba wa spidi. Pikapu ya daraja hili ina uso wa mita za mraba 3 na nusu hivi, na umbo lake halikuchongwa kwa ajili ya kupasua hewa. Kwa makadirio yangu, ukienda kilomita 100 kwa saa, upepo peke yake unakula kama lita 5 na nusu katika kila kilomita 100. Ukienda 120, unakula karibu lita 8. Hizo ni lita mbili na nusu zaidi, na ulichonunua ni dakika kumi: kilomita 100 zinaisha kwa dakika 60 kwenye spidi ya kwanza na dakika 50 kwenye ya pili. Wapo wanaoona dakika kumi hizo zina thamani hiyo, sawa, ni mafuta yao. Mradi wajue bei.

Baada ya spidi, tazama umefunga nini. Keria juu ya paa hata ikiwa tupu, taa ndefu juu ya kabini, bulbaa pana, gari lililoinuliwa sentimita 10 hadi tumbo lote na difu ya mbele vikawa vinapigwa na hewa: kila kimoja kinachukua chake kila kilomita. Keria unaweza kuivua leo jioni kwa spana moja. Kuhusu kushusha mlango wa nyuma ili "hewa ipite", acha. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujaa kwenye bodi na kuzunguka humo, na hewa ya juu inateleza juu yake. Ukiushusha unaharibu mpango huo, na pengine unaongeza ukinzani. Turubai la kufunika bodi lina faida ndogo, ndogo kiasi kwamba mimi nisingelinunua kwa sababu ya mafuta, ningelinunua kwa sababu ya mvua na wezi.

Mjini hesabu ni nyingine. Huko upepo haukusumbui, uzito ndio unaokumaliza. Chukua gari la tani 3 na nusu, lipeleke kutoka kusimama hadi kilomita 60 kwa saa. Nishati uliyoliwekea ni kama megajuli 0.49. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na tukisema asilimia 35 ndiyo inayofika barabarani, kila unapoondoka umemimina karibu mililita 40. Ukifika taa nyekundu ukakanyaga breki, mililita hizo zote zimegeuka joto kwenye diski. Mara 25 namna hiyo, lita imekwisha, na bado hujahesabu upepo wala tairi. Ndiyo maana dereva anayetazama mbali, akaachia mafuta mapema alipoona taa imebadilika, akafika wakati foleni imeanza kusogea, anawashinda wote bila kununua kitu. Watu hufikiri kuendesha kwa kubana matumizi ni kuondoka polepole kama mgonjwa. Siyo. Dizeli haiogopi kukanyagwa kwa wastani hadi ufike spidi unayoitaka. Inachochukia ni kukanyagwa halafu kufungwa breki baada ya mita 50.

Kwenye mteremko usiweke nyutro. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inafunga nozeli kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Hapo hunywi hata tone. Ukiweka nyutro, injini inahitaji mafuta ili isizime, na wewe umebaki na breki peke yake kulizuia gari zito. Umepoteza mara mbili.

Kusimama huku injini inaunguruma nako si haba. Injini ya lita 6 na zaidi hunywa kama lita 2 kwa saa ikiwa haifanyi kazi yoyote, na zaidi ukiwasha kiyoyozi. Uharibifu haukomei hapo: ikiunguruma hivyo muda mrefu injini inapoa, masizi yanajaa kwenye kichujio cha eksozi, na kichujio kikijaa kinadai mafuta ya kujichoma. Nitarudi huko.

Haya ndiyo ninayokagua gari likiingia na malalamiko ya ulaji, kabla sijafungua boneti. Upepo wa tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, maana namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi yenyewe. Halafu natoka nalo barabarani, naliendesha kilomita kadhaa, naliachia lisimame lenyewe kadiri inavyowezekana bila breki kali, kisha nazunguka na kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali. Gurudumu la kushoto na la kulia la ekseli moja yanapaswa kukaribiana. Moja likisoma nyuzi 45 na mwenzake 95, breki ya huyo wa pili haiachii, au beringi inakufa. Dereva hajasikia chochote kwa sababu injini ina nguvu nyingi mno. Gari dogo lingelalamika, hili linavuta tu na kulipia.

Giaboksi ya otomatiki ina chombo kinachounganisha injini na gia kwa mafuta, toki konveta, na ukishika spidi ya kutosha kinatakiwa kijifunge kabisa kisiteleze. Kisipojifunga, nguvu inageuka joto la oili. Kipimo chake hakihitaji mashine: ukiwa kwenye tambarare kwenye spidi thabiti, gusa pedali ya breki kidogo tu, kiasi cha taa ya breki kuwaka, huku mguu wa mafuta umetulia. Kwenye gari nyingi konveta itajifungua na mshale wa mizunguko utaruka kwa mia mbili hivi. Usiporuka, haikuwa imejifunga. Hapo tuna la kutafuta.

Kisha feni. Pikapu hizi nyingi zina feni kubwa inayozungushwa na injini kupitia klachi inayojishika injini ikipata moto. Klachi hiyo ikiganda, feni inazunguka muda wote na kula kilowati kadhaa. Kwenye mizunguko ya juu inaweza kuzidi kumi. Utaisikia: mngurumo wa hewa usioisha hata asubuhi injini ikiwa imeshawaka dakika chache na bado baridi. Themostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kabla injini haijapata moto, nayo ina ugonjwa wa kimya. Ikibaki wazi, injini haifiki joto lake la nyuzi 90 hivi, na kuna mafundi wanaoitoa kabisa wakidhani wanaisaidia. Chomeka kisomaji cha OBD, kile cha kusomea kompyuta ya gari, tazama joto la maji ukiwa barabara kuu bila mzigo. Likishuka hadi sabini na kitu na kukaa huko, badilisha themostati kabla hujafikiria nozeli.

Nikifungua boneti naanza na mabomba ya intakula. Turbo inasukuma hewa, hewa inapozwa kwenye intakula, na katikati kuna mabomba ya mpira na klipu. Pitisha kidole chini ya kila kiungo. Ukungu mwembamba wa oili uliokamata vumbi jeusi upande mmoja wa klipu ndio alama ya hewa inayotoka. Hewa ikipungua, moshi unaongezeka, dereva anakanyaga zaidi kufidia, na masizi yanakwenda kuziba kichujio. Klipu ya bei ya chai inaweza kuwa ndiyo iliyokuwa inakumalizia tenki.

Sasa hicho kichujio cha masizi, DPF kama tunavyokiita. Kikijaa, kompyuta inaongeza mafuta ili joto la eksozi lipande kupita nyuzi 550 na masizi yaungue. Mafuta hayo hayasukumi gari hata mita moja. Kwa gari linalotembea safari ndefu hiyo ni gharama ndogo. Kwa gari la safari fupifupi ni balaa, maana dereva anazima injini katikati ya kazi, na kesho inaanza upya. Kama gari lako lilikuwa linajichoma kila baada ya kilomita mia kadhaa na sasa limeanza kila kukicha, usikimbilie kusafisha kichujio. Tafuta anayetengeneza masizi: hewa inayovuja, vali ya EGR inayorudisha sehemu ya moshi wa eksozi kwenye injini, nozeli inayodondosha. Kukikata kichujio ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, na mimi siikubali kazi hiyo, hata nikiambiwa jirani amekata na amefurahi.

Vifaa vya miujiza havitanichukua muda. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vilivyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta kwenye magari, na vilivyoonyesha faida yoyote ni vichache mno. Dawa za kuongeza setani, yaani wepesi wa dizeli kushika moto, zinaweza kusaidia gari kuwaka kwenye baridi. Kwenye ulaji sitarajii kitu. Oili nyepesi inayokubaliwa na mtengenezaji wa injini yako inaweza kukupa kama asilimia moja, basi, na usiivuke ruhusa hiyo kwa tamaa. Ukijaza dizeli iliyochanganywa na asilimia 20 ya biodizeli, nishati inapungua kwa asilimia moja au mbili, kwa hiyo usilaumu gari kwa tenki hilo.

Kwa wanaovuta tela, jambo moja: urefu wa tela kwenda juu unauma kuliko uzito wake mkishashika spidi kwenye tambarare. Tela la boksi lililo tupu, likisimama juu kuliko kabini, linaweza kunywa zaidi ya tela la wazi lililobeba chuma cha tani mbili. Panga mzigo mrefu ulale, funga turubai lisipigepige, washa hali ya kuvuta mzigo kwenye giaboksi ili konveta ijifunge mapema na gia zisibadilike ovyo mlimani, na ushuke hadi kilomita 90. Ukitaka kwenda 120 na boksi nyuma, basi jaza tenki zote mbili kama unazo.