Halikuanguka, Lakini Haina Maana ni Zima

"Halikuanguka, basi ni zima." Kila ninapokaa na kundi jipya la watu wa kujitolea kuwafundisha ukaguzi wa majengo ya vyuo baada ya tetemeko la ardhi, hapa Unguja, kauli hii haikosi kutoka. Tena mara nyingi haitoki kwa mwanafunzi. Hutoka kwa mtu mzima mwenye dhamana, msimamizi wa dahalia au ofisa mipango, yule ambaye siku ya tukio ndiye atakayeshika funguo. Nimechoka kuisikia. Leo naijibu kwa urefu, na kauli nyengine za namna hii nitazipitia tu.

Jengo lililobaki wima linatuambia jambo moja: mtikisiko uliopita haukutosha kuliangusha. Halituambii limebakiwa na nguvu kiasi gani. Nguzo ya zege ikiyumbishwa, nondo zake huvutwa kupita uwezo wao, zege la nje hupasuka, ringi zinazoikaza huanza kuachia. Hapo nguzo inaweza kuendelea kubeba ghorofa zote juu yake bila kelele, kwa sababu uzito unashuka moja kwa moja. Inachoshindwa ni kusukumwa ubavuni mara ya pili. Na itasukumwa, kwa kuwa tetemeko kubwa hufuatiwa na mengine kwa siku, wiki, hata miezi.

Uturuki, tarehe 6 Februari 2023, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga saa 10:17 alfajiri. Saa 7:24 mchana wa siku hiyo hiyo likaja la 7.5. Yako majengo yaliyovuka la alfajiri, na mchana yakaporomoka.

Mfano ninaoutumia zaidi darasani ni wa Christchurch, New Zealand. Mwezi Septemba 2010 mji ule ulipigwa na tetemeko la 7.1. Jengo la CTV, la kituo cha televisheni, lilisimama. Lilikaguliwa haraka, likabandikwa stika ya kijani, ile inayoruhusu watu kuingia. Maofisa wakarudi tena siku chache baadaye, bila mhandisi wa miundo kati yao, na kijani kikabaki. Tarehe 22 Februari 2011 likaja tetemeko dogo zaidi kwa kipimo, lakini karibu zaidi na mji. CTV lilianguka na kuua watu 115 kati ya 185 waliokufa siku ile, wengi wao wanafunzi wa skuli ya lugha iliyokuwa humo. Tume iliyochunguza ilikuta kasoro kubwa katika usanifu wenyewe, za tangu lilipojengwa. Kasoro hizo mtu anayezunguka na fomu mkononi hawezi kuziona, na ndiyo sababu stika yake haiwezi kuzisemea.

Mfumo wa stika tatu tunaoufundisha asili yake ni California, mwongozo wa ATC-20 uliotoka mwaka 1989. Nyekundu, hapaingiwi. Njano, matumizi kwa masharti. Na kijani, someni vizuri, imeandikwa "limekaguliwa". Haikuandikwa "salama". Watu wameisoma vibaya kiasi kwamba New Zealand, baada ya Christchurch, waliiondoa rangi ya kijani na kuweka nyeupe. Mimi ningependa na sisi tufanye hivyo kabla hatujafiwa.

Kwa hiyo wakaguzi wangu nawapa kazi moja: tafuteni sababu ya kufunga mlango. Jengo limeinama? Simama pembeni, teremsha timazi, linganisha. Limehama kwenye msingi? Ardhi imepasuka au imetitia kando yake? Nguzo imepasuka, ukuta umevimba, ghorofa ya chini imekaa upande? Ukikosa sababu zote, usiandike kwamba jengo ni salama. Andika kwamba hukuziona, weka tarehe na saa, na useme kama uliingia ndani au uliishia nje. Ardhi ikitikisika tena kwa nguvu, stika hiyo imekwisha kazi. Jengo linakaguliwa upya.

Na kanuni ambayo sitaki mjadala juu yake: mkaguzi wa kujitolea anaweza kupandisha daraja la hatari, hawezi kulishusha. Njano kwenda nyekundu, mwenzako akikubali, badilisha hapo hapo. Nyekundu kurudi njano ni kazi ya mhandisi wa miundo. Atakuja mkubwa akwambie mitihani inaanza Jumatatu na wanafunzi wa Pemba hawana pa kulala. Mwitikie kwa heshima, mwonyeshe fomu, na usiibandue stika.

Upande wa pili wako wanaosema basi tumngoje mhandisi, raia asiguse kitu. Wahandisi wa miundo hapa si wengi, na siku hiyo watahitajika hospitali na bandarini kwanza. Watu wawili waliofundishwa wanaweza kulipitia jengo moja kwa nusu saa au chini yake na kuyazuia yale yaliyo wazi kuwa mabovu. Hiyo peke yake inaokoa roho, na inampa mhandisi orodha ya pa kuanzia.

Nyufa nazo zina imani zake. "Ufa mpana ndio wa kuogopa." Si lazima. Ufa unaofuata mstari pale ukuta wa bloku unapokutana na nguzo unaweza kuonekana mpana na wa kutisha, na mara nyingi ni lipu na bloku vimeachana na zege. Ukuta huo unaweza kudondoka, kwa hiyo usilale chini yake, lakini si mifupa ya jengo. Sasa tazama ufa mwembamba wa mshazari kwenye nguzo yenyewe, au nyufa mbili zilizokatizana kama herufi X. Huo ndio wa kunitoa mbio. Angalieni khasa madarasa yetu, ambapo ukuta wa bloku unaishia chini ya dirisha na kuibana nguzo mpaka nusu. Kipande kifupi kilichobaki huru ndicho kinachopokea msukumo wote, na hapo ndipo nguzo hukatika. Uliza kwanza ufa uko wapi na umeelekea wapi. Upana baadaye.

"Visiwani hakuna tetemeko." Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini mashariki ya Dar es Salaam, na Unguja watu walitoka majumbani. La Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu, na skuli za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

"Majumba ya mawe ya wazee yameshika zaidi ya miaka mia, yatastahimili." Kuta nene za mawe na chokaa ni nzito, na uzito ndio unaozidisha msukumo wa tetemeko. Beit el Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Disemba 2020 na kuua watu wawili, pasi na tetemeko lolote. Anayekagua majengo ya Vuga na Mji Mkongwe aanze na wasiwasi, hasa pale vichwa vya boriti vinapoingia ukutani.

Halafu nasomewa methali, usipoziba ufa utajenga ukuta, na fundi ameshaletwa na ndoo ya saruji kabla mhandisi hajafika. Msizibe. Ufa ukipigwa lipu na rangi, ushahidi umepotea na nguzo imebaki vile vile. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili, andika tarehe. Ukirudi kesho ukakuta umevuka alama, jengo linaendelea kusogea, toeni watu.

Haya yote yanakuwa rahisi ikiwa picha zimepigwa mapema. Majengo yetu yana nyufa za zamani tele, na hewa ya chumvi imekula nondo mpaka zege limebanduka kwenye vibaraza. Ufa mpya ndani yake ni mweupe, una vumbi la saruji. Wa zamani umeingia uchafu, rangi, ukungu wa masika. Lakini baada ya tetemeko, macho yenye hofu huona kila ufa ni mpya. Kwa hiyo nawaomba, wiki hii, kila chuo kipige picha nguzo za chini, matangi ya maji juu ya paa na miguu yake, na ngazi. Anzeni na ngazi. Christchurch, jengo refu la Forsyth Barr lilibaki wima, lakini ngazi zake ziliporomoka na watu wakakwama juu.