Mabadiliko hupokewa: neno kwa wanaotaka kuyasaidia makanisa ya manabii

Juma lililopita nilipokea tena barua ile ile. Mwandikaji hubadilika na nchi anayotoka hubadilika, lakini barua ni moja: mmisionari kijana, mwenye moyo mzuri na fedha kidogo za kuanzia, anataka kuja Lubumbashi ili awasaidie ndugu zetu wa makanisa huru ya Kiafrika kukabiliana na mabadiliko ya jamii, kwa kuwa anaona wameachwa nyuma na wakati. Nimefundisha Biblia katika makanisa hayo kwa miaka kumi na minane, mara nyingi nikiwa pamoja na wamisionari, na baadhi yao ni marafiki ambao ningewaachia funguo za nyumba yangu. Kwa hiyo siandiki ili kuwafukuza. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuijibu barua hii kila inapokuja, na kwa sababu wachungaji wetu wa hapa mjini, waliosoma vyuoni, wanaamini jambo hilo hilo bila hata kuwa na udhuru wa ugeni.

Tuyamalize majina haraka, maana hapo ndipo mazungumzo mengi huharibika kabla hayajaanza. Ninaposema makanisa ya manabii, ninamaanisha makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika kwa wito wa nabii, nje ya misheni: Wakimbangu; Wapostolo wa Johane Maranke, ambao kila mtu hapa kwetu huwaita Bapostolo; na mengine mengi madogo yenye kanzu zake, fimbo zake na siku yake ya ibada. Sizungumzii makanisa ya uamsho, yale ya vipaza sauti na mabango yenye picha ya mchungaji na mkewe, ambayo yana baba mwingine kabisa. Kitawala, vuguvugu lililotokana na mafundisho ya Watch Tower, ni jambo lingine tena. Jamaa (vuguvugu la waumini) ya Padri Placide Tempels, iliyoanzia Kolwezi katika miaka ya 1950, haikuwa kanisa huru hata kidogo. Ilikuwa ndani ya Kanisa Katoliki, na walioachana na Kanisa hilo ndio walioitwa Katete. Anayeyatia haya yote katika kapu moja, kisha akaleta dawa moja, asishangae dawa ikitapikwa.

Sasa kosa lenyewe. Watu hudhani kwamba kanisa la nabii ni mabaki ya zamani, kijiji kilichovikwa kanzu nyeupe, na kwamba mabadiliko ni kitu kinachokuja kutoka nje na kuligonga mlango. Ukitazama tarehe tu, dhana hiyo inaanguka. Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa kijijini kwake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, miaka michache baada ya vita kuu na homa kubwa ya 1918, wakati ambapo watu wa Kongo ya Chini walikuwa wamechoshwa na kodi na kazi za shuruti. Alihubiri kwa miezi mitano hivi akakamatwa, akahukumiwa kifo, Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku Katanga, na akafia hapa hapa mjini kwetu, ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Serikali ya kikoloni iliwahamishia wafuasi wake majimbo ya mbali ili kuuzima moto, na kwa kufanya hivyo ikausambaza. Bapostolo nao walianza mwaka 1932 karibu na Mutare, katika Zimbabwe ya leo, wakafika Kongo katika miaka ya 1950, dini ya watu wa safari, mipaka na biashara. Je, hawa ndio watu ambao hawajui mabadiliko ni nini?

Au tutazame karibu zaidi. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines, kampuni ya serikali ya madini hapa Katanga, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, jina ambalo nyumba nyingi zililicheka kwa uchungu. Baba aliyekuwa akileta mshahara na mfuko wa unga akabaki ameketi mlangoni, mama akaingia sokoni na makaa na samaki wakavu, mtoto akaenda kuchimba kwa mikono. Mmisionari mmoja aliniletea wakati fulani kitabu kizuri cha mafunzo ya kuweka akiba kwa ajili ya akina mama wa makanisa haya. Tulikwenda nacho Katuba, mtaa wa hapa mjini. Mama mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa adabu kama kitabu kilikuwa kinaeleza likelemba, yaani kuchangiana fedha na kupokezana kwa zamu, kwa sababu wao walikuwa na likelemba tatu, mojawapo ya mazishi tu, na mtunza fedha wao hakujua kusoma lakini hajawahi kukosea hata faranga moja. Kitabu kiko kabatini kwangu hadi leo.

Jambo linaloniudhi kuliko yote, na ambalo nitalikalia kidogo, ni tofauti kati ya kuamua na kupokea. Makanisa yaliyozaliwa na misheni huamua: kuna kamati, kuna hoja, kuna kura, kuna muhtasari unaotiwa sahihi. Kanisa la nabii hupokea. Nyimbo za Wakimbangu hazitungwi kama mtu anavyotunga shairi. Hunaswa, yaani humjia mtu katika ndoto au katika maono, kisha hupitishwa kwa watu waliowekwa kuzipima kabla ya kanisa kuziimba. Watu husahau hicho kipimo. Wageni husikia neno ndoto wakadhani kila mtu anaamka asubuhi na kutangaza anachotaka, ilhali nimehudhuria vikao vya wazee ambamo ndoto ilichujwa kwa ukali ambao kamati zetu hazina: nani ameota, alikula nini, ana ugomvi na nani, je, ndoto inamfaidi yeye mwenyewe? Ndoto nyingi hukataliwa. Ile inayopita ina nguvu ambayo azimio la mkutano mkuu haliwezi kuipata.

Ndiyo maana mambo makubwa hubadilika humo kwa njia ambayo mgeni haioni. Kanisa la Kimbangu liliishi kwa miaka mingi bila kuadhimisha Meza ya Bwana. Ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971, miaka 50 tangu Nkamba, hawakuagiza divai wala mkate wa ngano, bali walitumia mkate wa viazi, mahindi na ndizi, pamoja na asali iliyochanganywa na maji. Hilo ni badiliko kubwa kuliko semina zangu zote, na lilipokewa kama jambo lililokuwa likisubiri saa yake.

Wanaopenda karatasi waitazame sheria ya tarehe 31 Desemba 1971. Dola ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitambua Wakatoliki, Waprotestanti waliounganishwa katika Kanisa la Kristo, na Wakimbangu; waliobaki walidaiwa masharti mazito, pamoja na amana ya zaire 100,000, fedha ya nchi wakati huo. Makanisa mengi madogo yalikimbilia kivuli cha waliotambuliwa, na mengine yakaandikiwa katiba kwa haraka na marafiki waliojua Kifaransa. Nimezisoma baadhi ya katiba hizo. Zinasema kwamba kiongozi huchaguliwa na mkutano mkuu. Hakuna aliyewahi kuchaguliwa hivyo. Katiba ya kweli imo vichwani mwa wazee, na kiongozi anapofariki, karatasi hutolewa kabatini na yule tu anayeona kwamba itampendelea, kisha kesi hufika mahakamani. Ninakiri kwamba mbili kati ya katiba za namna hiyo, za miaka ya karibuni, niliziandika mimi, na nilidhani ninasaidia.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu. Liko kanisa la kanzu nyeupe kule Ruashi, mtaa mwingine wa mji wetu, ambalo sitalitaja. Lilikataa hospitali na dawa kwa kanuni, kama yalivyofanya makanisa kadhaa ya aina yake. Ulipokuja mlipuko wa surua wa mwaka 2019, ambao kufikia Januari 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao watoto wadogo, mwenzangu mmisionari alipeleka projekta na picha. Wazee walitazama, wakashukuru, wakasema, "Tumesikia, baba." Aliandika katika ripoti yake kwamba uongozi umekubali chanjo. Nilimwambia kwamba tumesikia maana yake ni tumesikia. Alidhani ninafanya mzaha.

Wiki zikapita, hakuna mtoto aliyeletwa. Kumbe mwaka uliotangulia, mwenzangu huyo huyo alikuwa amekaa na akina mama wa kanisa hilo kila Jumatano, chini ya mwembe, wakisoma kitabu cha Kutoka sura kwa sura, bila mpango wowote wa afya, kwa sababu tu akina mama walikiomba kitabu hicho. Usiku mmoja wa maombi, mama mzee anayewazalisha wanawake wa kanisa alisimama akasema amepewa neno: mama yake Musa alimwamini Mungu, lakini kisafina alikipaka lami kabla ya kukiweka mtoni. Hakuitaja chanjo. Neno lilipimwa kwa juma zima, na wazee walimhoji vikali, hasa kwa sababu mwanawe ni muuguzi. Likapita. Ukaja wimbo. Siku chache baadaye wanawake kama ishirini walikwenda kituo cha afya wakiwa na watoto mgongoni, wamevaa nguo za kawaida.

Kabla mtu hajakichukua kisa hiki na kukifanya slaidi, aseme na yaliyobaki. Karibu nusu ya familia zilikataa, na baadhi yake zilijitenga. Sasa zinasali chini ya mti mwingine, mita mia tatu kutoka pale. Hata wazee waliolikubali neno hawakusema kwamba kanuni imebadilika. Ukiwauliza leo watakuambia kwamba kanisa halitumii dawa. Na yako makaburi mawili madogo ya miezi ile ambayo mimi nilikuwa nikimfundisha mwenzangu kuwa na subira. Ninapoandika kwa majivuno kwamba mabadiliko hupokewa, ninayakumbuka. Ningepaswa kwenda kwa mamlaka ya afya, wakaja kwa nguvu? Kwingine nimeona nguvu ikitumika, na watu wakahama usiku pamoja na watoto wao, wasionekane tena na muuguzi yeyote. Hilo halinipi usingizi kamili. Wala sijui kama yule mama alipokea au alipanga. Nilimuuliza mara moja, akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wake, akanimiminia chai.

Kwa hiyo mmisionari ana kazi gani? Anayo, na wapo walioifanya vizuri. Edwin na Irene Weaver, Wamennonite wa Marekani, walifika Uyo, kusini-mashariki mwa Nigeria, mwaka 1959, wakakuta makanisa huru mengi kuliko wangeweza kuyahesabu, na badala ya kutumia nguvu zao zote kujenga dhehebu lao, waliwaketisha viongozi wa makanisa huru na wale wa makanisa ya misheni, waliokuwa wakidharauliana, wakasoma pamoja. Zimbabwe, Inus Daneel, mtoto wa wamisionari aliyekulia miongoni mwa Washona, alisaidia kuanzisha Fambidzano mwaka 1972, masomo ya theolojia yaliyowafuata maaskofu wa makanisa huru huko huko vijijini. Baadaye makanisa hayo yaliingia katika kupanda miti, na waliliingiza jambo hilo katika Meza ya Bwana: mtu alitubu hadharani dhambi ya kukata miti na kuharibu udongo kabla ya kushiriki, kisha mche ukapandwa. Shirika la maendeleo lingegawa miche na vipeperushi.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Marie-Louise Martin, Mswisi. Aliandika kwanza juu ya manabii wa kusini mwa Afrika kwa mashaka mengi; kisha akaja Kongo, akakaa na Wakimbangu, akaibadili hukumu yake mbele ya wasomaji wake wote, na akafundisha katika shule yao ya theolojia Kinshasa. Msomi kukubali kwamba alikosea ni jambo adimu kuliko mvua ya Julai hapa Katanga. Hata hivyo sitaficha upande wa pili. Kanisa hilo, lililopokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969, lilitamkiwa mwaka 2021 kwamba si mwanachama tena, kwa sababu ya mafundisho yanayomtambua Kimbangu kuwa Roho Mtakatifu. Wenzangu wengine husema kwamba hilo linathibitisha kwamba kuandamana na makanisa haya ni kupoteza muda. Sikubaliani nao, lakini sina jibu la kuwanyamazisha. Kanisa linalopokea laweza kupokea pia lile ambalo mwalimu wake analiona kuwa kosa, na mwalimu hana kura.

Nimemjibu yule kijana. Nimemwomba aache kitabu chake cha mafunzo nyumbani kwa safari ya kwanza, aje wakati wa kiangazi, na Jumamosi twende Ruashi, tuvue viatu, tukae na wanaume upande wetu kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, bila yeye kusema neno ila akiombwa. Amekubali, ila ameuliza kama kutakuwa na viti. Nimemwandikia kwamba mikeka ipo.