Melanoma: saratani ya ngozi inayoanzia unyayoni

Taja saratani ya ngozi kijiweni Kariakoo, utaambiwa huo ni ugonjwa wa Wazungu na wa ndugu zetu wenye ualbino. Kuna ukweli humo. Melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake, huzuia sehemu kubwa ya mionzi mibaya ya jua, na mwenye ualbino, ambaye hana kinga hiyo ya kutosha, yumo hatarini kweli. Lakini si ukweli wote.

Melanoma ni saratani inayoanza katika seli zilezile zinazotengeneza melanini. Kwa watu weusi ni adimu, ila ikitokea hupendelea unyayo, kiganja na chini ya ukucha, mahali ambapo jua si la kulaumiwa. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Iligunduliwa mwaka 1977, na Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36.

Tunachelewa kwa sababu tuna maelezo tayari: baka la unyayoni nilikanyaga kitu, ukucha mweusi nilijikwaa. Huenda ni kweli. Damu iliyovilia husogea mbele kadiri ukucha unavyokua, mwisho unaikata na mkasi. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa nayo ni ya kawaida kwetu, usiogope. Wa kuuhofia ni mstari wa ukucha mmoja unaozidi kupanuka, au weusi unaomwagikia ngozi ya pembeni. Vilevile baka la unyayo au kiganja linalokua, lenye kingo zisizo sawa au linalotoa damu. Usisubiri liume, mara nyingi haliumi.

Ipo saratani nyingine ya ngozi, tena kwetu ni ya kawaida kuliko melanoma: ile inayoota juu ya kidonda ndugu au kovu la zamani la moto. Kidonda cha miaka kikianza kuota nyama au kunuka, kubadilisha dawa za kupaka hakutoshi. Daktari akate kipande kipimwe maabara. Ikithibitika, Dar es Salaam tuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ikiwahiwa, kuikata mara nyingi kunatosha.

Jioni ukinawa miguu, geuza nyayo uzitazame. Mtazamie na bibi, yeye kuinama hawezi.