Kupiga picha mahali palipojaa picha

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili ambavyo kazi yangu hunilazimu kuvitofautisha kila siku: ninachokitoa kwenye kamera ni picha, na anachokichora mwenzangu kwa rangi na burashi nacho ni picha. Uzito wa jambo hili niliuona Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, kwenye ushirika wa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, siku mchoraji mmoja mtu mzima aliponiangalia nikihangaika mbele ya ukuta wake kwa karibu saa nzima, kisha akaniuliza kwa upole: "Picha zangu umezipiga, mwanangu, mimi mwenyewe je?" Kwenye kadi nilikuwa na picha mia na ushee, na hakuna hata moja iliyokuwa na mtu.

Tangu hapo, ninapopanga mradi wa picha za hali halisi kuhusu jumba la sanaa linalomilikiwa na wasanii wenyewe, naanza kwa kujikumbusha kwamba kazi zilizotundikwa ukutani zimeshachorwa ili zivutie jicho, na zitalivuta langu hata nisipotaka. Chui mwenye madoa na ndege wa rangi kumi hawahitaji msaada wangu. Kinachohitaji kamera ni kile ambacho mteja hakioni akishafungiwa mzigo wake na kuondoka.

Kwa hiyo kabla ya ratiba na bajeti natafuta swali moja lenye mipaka. "Tingatinga" si swali, ni kichwa cha habari. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora na kuuza kazi zake hapo Morogoro Stores mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi ya kung'aa iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli; mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafariki, na waliobaki, yaani wanafunzi wake na jamaa zake, wakaendelea hadi kusajili ushirika mwaka 1990. Mtu aliyechora kwa miaka minne tu ameacha ufundi unaowalisha watu kwa zaidi ya nusu karne. Swali langu basi likawa hili: watu wengi wanaishije ndani ya mtindo uliobeba jina la mtu mmoja? Swali la namna hiyo linaniambia nisimame wapi. Linanipeleka kwa kijana anayejaza rangi ya nyuma kabla hajaruhusiwa kuchora mnyama, kwenye kona ya turubai pale sahihi inapowekwa, na kwenye mazungumzo ya bei, ambayo kwa kawaida hufanyika kwa sauti ya chini zaidi kuliko wageni wanavyodhani.

Wiki ya kwanza kamera hubaki kwenye begi. Napeleka barua ya utambulisho kwa serikali ya mtaa, nazungumza na viongozi wa ushirika, kisha nakaa kwenye benchi na kunywa chai na watu. Barua hiyo si urasimu mtupu, kwa maana Oysterbay ni mtaa wa balozi, na mwenye lenzi ndefu barabarani huulizwa maswali haraka. Kukaa kwenye benchi kuna faida nyingine: ndipo ninapojifunza nani ni mwalimu wa nani, jambo ambalo halijaandikwa popote ukutani na ambalo ndilo uti wa mgongo wa mradi mzima.

Suala la ruhusa nalipa muda mrefu kuliko wenzangu wengi, na sababu yake ni kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika karakana nyingine ambayo sitaitaja, niliweka mtandaoni picha ya turubai lililokuwa nusu. Wiki chache baadaye mchoro uleule ulionekana ukiuzwa kwingine, umekamilika, una sahihi ya mtu mwingine. Sikuweza kuthibitisha kwamba ulitokana na picha yangu, lakini mwenye kazi hakuhitaji uthibitisho. Alinifungia mlango, na nilijua kwamba anayo haki. Siku hizi fomu yangu ni ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na naisoma kwa sauti hata kwa anayejua kusoma. Inatenganisha ruhusa ya sura ya mtu na ruhusa ya kazi yake, kwa sababu sheria nazo ni mbili: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji hata turubai likishauzwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa sura na jina. Kazi ambayo haijakamilika haitoki kwenye diski yangu mpaka mwenyewe aseme.

Sasa mwanga, ambao hapo ni mtihani wa kweli. Rangi ya mafuta inang'aa kama kioo. Ukisimama mbele ya turubai ukawasha flashi, unapata doa jeupe na kivuli chako. Kwa hiyo flashi naiacha nyumbani, nasimama pembeni kidogo na kuzungusha kichujio cha polaraiza mpaka mng'ao upungue, ingawa siuondoi wote, kwani rangi isiyong'aa kabisa si rangi ya pale. Mtihani wa pili ni nyuso. Mchoraji mwenye ngozi nyeusi akikaa mbele ya njano na machungwa kali, kamera hupima ule ukuta na kuuacha uso gizani. Napima uso wenyewe na kukubali ukuta uungue kidogo, yaani utoke mweupe kupita kiasi. Tena barazani mwanga hauji mtupu: turubai kubwa la buluu likiegemezwa karibu, shavu la mtu hugeuka buluu. Mwanzoni nilikuwa narekebisha kwenye kompyuta, siku hizi naomba tu turubai lisogezwe. Saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi kivuli cha baraza ni kizuri; saa sita jua likiwa utosini, hasa mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba, nafanya mahojiano na si picha.

Kalenda nayo haipangwi kwa urahisi wangu. Mradi wa wiki mbili za Julai utaonyesha wateja na shangwe, na utakuwa umesema uongo bila kutunga kitu. Nagawa safari: moja msimu wa watalii, nyingine Aprili masika yakiwa yamekolea, wageni wameadimika, na rangi inachelewa kukauka kiasi kwamba mtu anakaa akilitazama turubai ambalo hawezi kuligusa. Kama bajeti inatosha safari moja tu, nachagua Aprili.

Kila jioni, kabla ya kula, naandika maelezo ya picha: nani, anafanya nini, wapi, tarehe gani, na jina liandikwe jinsi mwenyewe anavyoliandika. Nakala zinakaa kwenye diski mbili, na moja hailali nyumba ninayolala mimi. Kwenye bajeti, fungu ambalo wafadhili hupenda kulikata ni la kusafisha picha na kuzirudisha kwa wenyewe, nami hulitanguliza juu kabisa, kabla ya nauli. Wachoraji wengi niliopiga wana mamia ya picha walizochora na hawana hata moja inayowaonyesha wakichora. Yule mzee nilimpelekea yake, ameinama, burashi mkononi, miwani imeshuka puani. Aliitundika katikati ya chui wawili, na mteja wa kwanza aliyeingia akamuuliza bei.