Brier: michuano ya kelingi ya wanaume Kanada, na namna ya kusoma orodha ya mabingwa wake

Brier ni michuano ya taifa ya kelingi ya wanaume nchini Kanada. Kelingi ni ule mchezo wa kutelezesha mawe mazito ya graniti juu ya barafu, timu mbili zikishindana nani ataweka mawe yake karibu zaidi na shabaha. Brier huchezwa kila mwaka, kwa kawaida kati ya mwisho wa Februari na katikati ya Machi. Majimbo yote huleta mabingwa wao, na timu inayotwaa kombe ndiyo huiwakilisha Kanada kwenye mashindano ya dunia ya mwaka huo. Anayeishi Winnipeg, Edmonton au Regina hana budi kulisikia jina hili kila Machi, maana katika majimbo ya miji hiyo kelingi hufuatiliwa kwa moyo kama kandanda kwetu.

Ukiitafuta orodha ya mabingwa utapewa mambo matatu: mwaka, jimbo na jina la nahodha. Inaonekana rahisi, kumbe haisomeki sawasawa mpaka ujue mchezo unavyokwenda, na ujue kwamba kanuni zimebadilika mara kadhaa katikati ya orodha hiyohiyo.

Mchezo wenyewe

Njia ya barafu ina urefu wa takriban mita 45.7 na upana usiozidi mita 5. Kila mwisho wa njia pana duara la rangi linaloitwa nyumba, lenye kipenyo cha mita 3.66, na katikati yake pana kitovu. Jiwe halipaswi kuzidi kilo 19.96. Graniti yake hutoka sehemu mbili tu zinazosifika, kisiwa cha Ailsa Craig huko Scotland na machimbo ya Trefor huko Wales, kwa sababu jiwe la kawaida hupasuka au kumeguka likigongwa kila siku kwenye baridi na hunyonya maji.

Timu ina watu wanne, na kila mmoja hutuma mawe mawili. Mawe yote 16 yakishatumwa, awamu imekwisha na alama zinahesabiwa. Timu moja tu ndiyo hupata alama katika awamu: ile yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu. Hupewa alama moja kwa kila jiwe lake lililolizidi jiwe bora la mpinzani. Siku hizi mechi ya Brier ni awamu 10. Zamani zilikuwa 12. Zikifungana, huongezwa awamu moja. Kila timu ina dakika 38 za kufikiri kwa mechi nzima, na ikizimaliza kabla ya mawe yake kuisha, imepoteza mechi.

Barafu haiachwi ikawa laini. Fundi hubeba tangi mgongoni na kunyunyizia matone ya maji, yakaganda yakawa vipele vidogo, kisha hupitisha wembe kuvikata vichwa ili vilingane. Jiwe limechimbwa kidogo chini, hivyo hugusa barafu kwa pete nyembamba tu. Pete hiyo ikipita juu ya vipele, na jiwe likiwa linazungushwa polepole, njia yake hupinda kuelekea upande linakozungukia. Barafu isiyo na vipele hulishika jiwe likasimama mapema sana. Vipele vikichakaa katikati ya njia baada ya awamu tano au sita, katikati huwa na kasi kuliko pembeni, na timu isiyoligundua hilo mapema hutuma jiwe likapitiliza. Ukumbi ukijaa watu, joto na unyevu wa pumzi zao huweza kuleta umande wa barafu juu ya njia: mawe yanakuwa mazito na yanaacha kupinda. Unywele mmoja au uzi wa ufagio chini ya jiwe unatosha kulipotosha kabisa, na hapo hakuna anayerudishiwa jiwe lake.

Kufagia si mapambo. Kusugua kwa nguvu hupasha uso wa barafu joto kidogo na kupunguza msuguano, jiwe likaenda mbali zaidi na kupungua kupinda. Wafagiaji wawili wazuri huweza kuliongezea jiwe mita kadhaa. Mfano unaokumbukwa mno ni fainali ya 2017 mjini St. John's. Brad Gushue wa Newfoundland na Labrador alikuwa amefungana 6–6 na timu ya Kevin Koe, naye ana jiwe la mwisho. Alilituma likiwa na nguvu pungufu. Brett Gallant na Geoff Walker walilifagia njia nzima bila kuinua vichwa, likafika ndani ya nyumba na kuwapa ushindi wa 7–6. Jimbo hilo lilikuwa limetwaa Brier mara moja tu kabla ya hapo, mwaka 1976, nahodha akiwa Jack MacDuff.

Jiwe la mwisho la awamu, ambalo wachezaji huliita nyundo, ndilo roho ya mbinu zote. Timu isiyopata alama hupewa nyundo awamu inayofuata. Awamu ikiisha bila mtu kupata alama, nyundo hubaki kwa aliyekuwa nayo. Kwa hiyo mwenye nyundo hulenga alama mbili au zaidi. Kupata moja ni kama kushindwa, kwa sababu umeachia nyundo kwa bei ndogo. Asiye na nyundo hulenga kuiba alama, au kumbana mwenzake apate moja tu. Elewa hili na utaelewa kwa nini nahodha mwenye nyundo wakati mwingine hupitisha jiwe lake la mwisho nje ya nyumba makusudi.

Historia, na kanuni zilizoigeuza orodha

Jina Brier lilitoka kwenye chapa ya tumbaku ya kampuni ya Macdonald Tobacco ya Montreal, iliyodhamini michuano tangu mwanzo. Beji ya moyo wa zambarau ambayo kila mchezaji hupewa nayo asili yake ni kibandiko cha bati chenye umbo la moyo kilichobandikwa kwenye tumbaku hiyo. Wapo wachezaji walioshinda fedha na vikombe vingi mno na bado watakwambia moyo ule ndio walioutaka tangu utotoni. Macdonald ilijitoa baada ya 1979. Wakafuata Labatt, Nokia, Tim Hortons, na tangu 2024 ni Montana's. Wadhamini wamebadilika, jina limebaki.

Brier ya kwanza ilichezwa Toronto mwaka 1927, na Murray Macneill wa Nova Scotia akawa bingwa. Iliendelea kuchezwa Toronto hadi 1939. Mwaka 1940 ilihamia Winnipeg na tangu hapo huzunguka nchi nzima. Miaka ya 1943, 1944 na 1945 haina bingwa kwa sababu ya Vita Vikuu vya Pili. Usidhani orodha imekatwa.

Miaka ya mwanzo ni ya Manitoba. Gordon Hudson alishinda 1928 na 1929, na Ken Watson akawa nahodha wa kwanza kufikisha mataji matatu: 1936, 1942 na 1949. Kisha ikaja Saskatchewan na ndugu wa ukoo wa Richardson. Ernie Richardson aliongoza timu iliyotwaa 1959, 1960, 1962 na 1963, na ushindi wa 1959 ukawapeleka Scotland kucheza Scotch Cup, ambayo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa mashindano ya dunia. Alberta ilijibu kwa Ron Northcott, bingwa wa 1966, 1968 na 1969. Manitoba na Alberta kila moja imevuka mataji 25, na hakuna jimbo lingine linalozikaribia.

Hadi 1979 hapakuwa na fainali. Kila timu ilicheza na kila timu, na mwenye ushindi mwingi alikuwa bingwa. Mwaka 1980 ndipo mtoano ulipoanza, na bingwa wake akawa Rick Folk wa Saskatchewan. Tangu 1995 mtoano huo kwa kawaida hufuata mpango unaowapa ahueni walioongoza: wa kwanza hucheza na wa pili, wa tatu na wa nne. Mshindi wa mechi ya juu huenda moja kwa moja fainali. Aliyeshindwa hukutana na mshindi wa mechi ya chini katika nusu fainali. Bingwa wa kabla ya 1980 na bingwa wa leo wamepimwa kwa mizani tofauti. Wa zamani hakuweza kupoteza kombe kwa jiwe moja la Jumapili jioni baada ya kuwapiga wote wiki nzima, wala hakuweza kuliokoa kwa jiwe hilo.

Aliyeliokoa ni Al Hackner wa Ontario Kaskazini, mjini Moncton mwaka 1985. Katika awamu ya 10 alikuwa nyuma kwa alama mbili dhidi ya Pat Ryan wa Alberta. Alilazimika kuyaondoa mawe mawili ya Alberta kwa jiwe moja, kwa mgongano mwembamba sana, na jiwe lake libaki nyumbani. Akaweza, zikafungana, na katika awamu ya nyongeza akaiba alama moja.

Ryan alirudi akashinda 1988 na 1989 kwa mtindo wa kuondoa kila jiwe la mpinzani lililotua. Ukishaongoza, unagonga kila kitu, na mchezo unakufa. Fainali ya 1989 mjini Saskatoon iliisha 3–2, watazamaji wakiimba kwamba wanachoshwa. Hakuwa amevunja kanuni yoyote. Kanuni ndiyo iliyokuwa na pengo. Nahodha Russ Howard alikuwa akitumia mazoezini sheria ya kulinda mawe yaliyo mbele ya nyumba, na miaka ya 1990 sheria ya aina hiyo ikaingia Brier. Ilianza na mawe matatu ya kwanza ya awamu, ikaja manne, na tangu msimu wa 2018–19 ni matano. Jiwe la mpinzani lililosimama kama mlinzi mbele ya nyumba haliruhusiwi kutolewa mchezoni mpaka jiwe la sita. Ukilitoa, linarudishwa mahali pake na jiwe lako linaondolewa. Kwa maoni yangu hakuna badiliko lingine lililousaidia mchezo huu kiasi hicho: timu iliyo nyuma sasa ina njia ya kurudi, na alama nne katika awamu moja si ajabu.

Mitego ndani ya orodha

Jina la nahodha si lazima liwe la mtu aliyetuma mawe ya mwisho. Randy Ferbey wa Alberta ni bingwa wa 2001, 2002, 2003 na 2005, lakini yeye alituma mawe ya tatu na kuongoza mbinu. Ya mwisho yalikuwa ya David Nedohin. Ukijumlisha mataji mawili aliyoyapata akiwa chini ya Ryan, Ferbey ana sita kama mchezaji, manne tu kama nahodha.

Jimbo nalo huhama na mtu. Folk alishinda tena 1994 akiwa British Columbia, na msaidizi wake siku hizo alikuwa yuleyule Ryan. Brad Jacobs ni bingwa wa 2013 kwa Ontario Kaskazini na wa 2025 kwa Alberta. Ontario Kaskazini yenyewe si jimbo kiserikali. Ni sehemu ya Ontario iliyo na timu yake tangu mwanzo. Kwa upande mwingine New Brunswick, Kisiwa cha Prince Edward na maeneo matatu ya kaskazini hayajawahi kutwaa kombe.

Tangu 2015 bingwa mtetezi hurudi moja kwa moja kwa jina la Kanada, ndiyo maana baadhi ya miaka haina jimbo. Timu iliyotetea 2015 mjini Calgary ilianza vibaya chini ya John Morris. Katikati ya wiki Morris mwenyewe akampisha Pat Simmons ashike unahodha, wakapanda hadi ubingwa, na orodha ikaandika Simmons. Tangu 2018 zimeongezwa timu za nafasi ya ziada, yaani zisizo mabingwa wa jimbo, jumla ikawa timu 16 na baadaye 18, zikigawanywa makundi mawili.

Gushue ameshinda kupitia milango yote hiyo: jimbo 2017 na 2020, Kanada 2018, 2023 na 2024, nafasi ya ziada 2022. Mataji sita ni rekodi ya nahodha. Lile la 2022 mjini Lethbridge lilimalizwa na watu watatu, baada ya Mark Nichols kupatikana na korona. Kanuni inaruhusu: wawili wa kwanza hutuma mawe matatu kila mmoja, nahodha mawili yake. Tatizo ni ufagio, kwa kuwa kila jiwe la wawili hao hubaki na mfagiaji mmoja tu, na jiwe la nahodha halina mtu wa kuangalia mstari kutoka nyumbani. Ushindi wa 2020 nao haukuwafikisha mashindano ya dunia, yaliyokuwa yachezwe Glasgow, kwani yalifutwa kwa janga hilohilo.

Mtego wa mwisho ni Olimpiki. Bingwa wa Brier haendi Olimpiki kwa tiketi hiyo. Kuna michuano mingine ya mchujo kabla ya kila Olimpiki. Gushue alipata dhahabu ya Turin mwaka 2006, miaka 11 kabla ya Brier yake ya kwanza, na bingwa wa Brier mwaka huohuo wa 2006 alikuwa Jean-Michel Ménard wa Quebec.