Nyota kwenye kioo: kusoma bayolojia pamoja na saikolojia

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huwapa wanafunzi wangu wapya penseli, kioo kidogo na karatasi yenye nyota iliyochorwa kwa mistari miwili sambamba. Kazi yao ni kupitisha penseli katikati ya mistari hiyo wakiutazama mkono kupitia kioo tu, kwa kuwa mkono wenyewe nimeukinga kwa kipande cha boksi. Wakifika kwenye pembe ya kwanza penseli hukwama, hutetemeka, kisha huvuka mstari kuelekea upande wasioutaka.

Zoezi hilo ndilo Brenda Milner, mwanasaikolojia wa Montreal, alilompa mgonjwa aliyejulikana kwa miaka mingi kwa herufi H.M. pekee. Henry Molaison, kama alivyokuja kutajwa baada ya kufariki mwaka 2008, alikuwa Mmarekani mwenye kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji na kuondoa sehemu za ndani za ubongo wake, kulia na kushoto, ikiwemo sehemu ya hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini Molaison hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya: aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi, kwake alikuwa mgeni.

Aliyesoma bayolojia peke yake angeweza kuridhika kusema kwamba kumbukumbu hukaa hipokampasi. Milner hakuishia hapo. Kwa siku tatu alimchorisha nyota, na ingawa Molaison hakukumbuka kuwa amewahi kuifanya kazi hiyo, mkono wake ulizidi kuwa hodari. Kumbe kumbukumbu si kitu kimoja, na kumbukumbu ya mkono ina njia yake. Hakuna hadubini ambayo ingelionyesha jambo hilo. Lilihitaji jaribio lililotungwa na mtu anayejua kupima tabia, na vilevile lilihitaji kujua kisu kilipita wapi.

Eric Kandel, aliyeanzia kwenye tiba ya magonjwa ya akili, alikwenda upande wa pili kabisa: alimchunguza konokono wa baharini, Aplysia, mwenye nyuroni, yaani seli za neva, zipatazo 20,000 tu, akaonyesha kwamba kujifunza hubadilisha nguvu ya miunganiko baina ya nyuroni. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Wanaotoka mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na bayolojia) huogopa insha, na waliosoma masomo ya sanaa huogopa takwimu. Wote nawaambia wazikazanie takwimu mapema, maana bila hizo huwezi kujua kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au imetokea kwa bahati. Mimi kosa langu lilikuwa jingine. Katika mtihani wa mwaka wa pili nilijibu swali kuhusu hofu kwa kurasa tatu za amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, na homoni ya adrenalini, na mhadhiri wangu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: “Anayeogopa ni nani?” Karatasi ile ninayo hadi leo.

Wiki inayofuata nawagawia nyota nyingine. Kabla ya kushika penseli, kila mmoja huandika anachokikumbuka kuhusu siku ya kwanza. Kisha nabonyeza saa, wanaanza kuchora, na tunahesabu mara ngapi penseli imevuka mstari.