Taiwan inapobadili upepo: dhana potofu na ukweli kuhusu vuli ya kisiwani

Neno vuli lina maana mbili katika Kiswahili, nazo hazipatani. Kwa mkulima wa Tanga au Kilifi, vuli ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba. Kwa mfasiri wa vitabu vya jiografia, ni yale majira ya nchi za baridi ambapo majani hupukutika na watu hutoa makoti kabatini. Kisiwa cha Taiwan hakitoshei vizuri katika maana yoyote kati ya hizo. Tropiki ya Kansa hukikata karibu na mji wa Chiayi, hivyo kaskazini yake ni nusutropiki na kusini yake ni tropiki kamili. Mgeni afikaye Oktoba akiwa na picha ya msitu mwekundu kichwani huukosa, kisha hurudi kwao akisema kwamba kisiwa hicho hakina vuli. Hukumu hiyo, na nyingine zinazofanana nayo, zinastahili kupimwa.

Dhana: Pasipo majani mekundu hapana vuli

Wekundu wa jani huletwa na baridi, wala hauletwi na kalenda. Siku zinapofupika na usiku kupoa, mti huacha kutengeneza klorofili; kijani hufifia, rangi ya njano iliyokuwamo ndani ya jani muda wote hujitokeza, na baadhi ya miti hutengeneza rangi mpya nyekundu iitwayo anthosiyanini, hasa pale mchana unapokuwa na jua na usiku ukawa na baridi isiyofikia kugandisha. Jijini Taipei, ambako wastani wa joto la Oktoba ni kama nyuzi 25 za Selsiasi, sharti hilo huchelewa kutimia. Ndiyo sababu miti ya Liquidambar formosana iliyopandwa kandokando ya barabara ya Zhongshan Kaskazini huendelea kuwa ya kijani muda mrefu, na miaka mingine majani yake hugeuka hudhurungi tu yakaanguka, ilhali miti ya aina hiyohiyo iliyoko Aowanda, katika milima ya Nantou, huiva wekundu wa kupendeza kuelekea Desemba.

Kisiwa hiki chenye eneo la kilomita za mraba 36,000 hivi kina mlima Yushan wenye kimo cha mita 3,952, na kupanda milima yake ni sawa na kusafiri kuelekea kaskazini ya dunia. Huko Taipingshan, wilayani Yilan, ipo miti ya Fagus hayatae, mabaki ya zama za barafu yaliyokwama juu ya vilele baada ya nyanda za chini kupata joto. Miti hiyo hugeuka rangi ya dhahabu mwishoni mwa Oktoba na kukaa hivyo majuma machache tu.

Hata hivyo, kwangu mimi kielelezo cha kweli cha majira haya hakipo mlimani. Kipo barabarani, katika mti wa Koelreuteria elegans, ambao ni mzawa wa Taiwan. Mnamo Septemba mti huo huvaa kilemba cha maua madogo ya njano. Upepo ukipita, maua hayo hudondoka kama chenga na kufunika lami na viti vya pikipiki zilizoegeshwa. Majuma machache baadaye, pale palipokuwa na maua huning'inia vibofu vyepesi kama karatasi, vyenye rangi ya waridi iliyokolea, ambavyo mtu akivitazama kutoka ng'ambo ya barabara hudhani ni maua mengine. Vibofu hivyo hukauka vikawa vya kahawia, kila kimoja kikiwa na mbegu nyeusi ndani. Muda wote huo majani huwa bado ya kijani. Wenyeji huuita mti wa rangi nne, na barabara ya Dunhua Kusini jijini Taipei inajulikana kwa mti huo. Anayetafuta vuli katika majani peke yake atapita chini yake bila kuinua macho.

Msomaji wa Unguja au Mombasa hana haja ya kwenda mbali kuelewa jambo hili. Mkungu, mti uleule ambao watoto wa pwani hugongea kungu kwa mawe, huota pia kusini ya Taiwan, na kule kama huku majani yake mapana hugeuka mekundu moja moja kabla ya kuanguka, bila kusubiri baridi kali.

Dhana: Kalenda ikitaja vuli, joto limekwisha

Kalenda ya jadi ya Kichina, inayougawa mwaka katika vipindi 24 vya jua, huanza vuli takriban tarehe 7 au 8 Agosti, wakati ambapo Taipei inachemka. Sikukuu ya Katikati ya Vuli, inayoangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya mwezi mwandamo, huwakuta watu wamekaa nje wakichoma nyama, wakimenya mabalungi na kugawana keki za mwezi, huku wengi wakiwa na nguo nyepesi. Joto linalorudi baada ya siku chache za ubaridi wameliita chui milia wa vuli. Jina hilo limechaguliwa vyema, kwani mnyama huyo hurudi pale unapodhani amekwenda zake.

Dhana inayokaribiana na hiyo ni kwamba Oktoba vimbunga vimekwisha. Kimbunga Kong-rey kilitua Taitung, pwani ya mashariki, tarehe 31 Oktoba 2024.

Dhana: Upepo wa majira haya huleta hali moja kisiwa kizima

Hapa ndipo penye kiini cha vuli ya Taiwan. Bara la Asia linapoanza kupoa, hewa nzito hukusanyika juu yake na kumiminika kuelekea baharini. Huko Taiwan hufika kama upepo wa kaskazini-mashariki. Upepo huo una undugu na kaskazi iliyokuwa ikizisukuma jahazi za Oman na Ghuba hadi pwani yetu, kwa maana pepo zote mbili huzaliwa na kupoa kwa bara lilelile.

Ukishavuka bahari, upepo huo hubeba unyevu na kuumwaga kwenye milima ya kaskazini-mashariki, ndiyo maana Keelung huitwa Bandari ya Mvua na mwavuli huko haukauki. Upande wa kusini, kwa wakati huohuo, kiangazi ndicho kinachoanza, na siku za jua hufuatana. Na upande wa magharibi, ambako mlangobahari unaitenga Taiwan na bara, upepo hubanwa ukaongezeka kasi, hadi Hsinchu ikapewa jina la mji wa upepo.

Wahaka, jamii ya watu wenye asili ya Uchina, waishio Xinpu karibu na Hsinchu, wamelifanya kero hilo kuwa kazi. Matunda ya persimoni, yenye umbo la nyanya na rangi ya chungwa, huchumwa yakiwa bado magumu, yakamenywa na kupangwa kwenye nyungo kubwa za mianzi juani. Upepo mkavu huyakausha nje, kisha mikono huyaminya kidogokidogo, siku baada ya siku, ili nyama ya ndani ilainike na maji yasambae sawasawa. Ule ukakasi unaokamata ulimi hupotea, na hatimaye unga mweupe hujitokeza juu ya ngozi yake. Wapo wanaodhani unga huo ni ukungu wakaufuta. Kumbe ni sukari ya tunda lenyewe. Bila upepo, persimoni hizo zingeoza.

Ndege nao husoma upepo huohuo. Takriban tarehe 10 Oktoba, vipanga wenye uso wa kijivu hupita kwa maelfu juu ya Hengchun, kwenye ncha ya kusini, wakielekea Ufilipino.

Dhana: Nyasi ni magugu, haziwezi kuwa uzuri wa majira

Kwenye njia ya kale ya Caoling, inayovuka milima kati ya Gongliao na Yilan, miti mirefu haipo kwa sababu upepo hauipi nafasi. Kilichopo ni nyasi za jamii ya Miscanthus, ndefu kumzidi mtu. Masuke yake huchomoza yakiwa na wekundu hafifu, yakafunguka meupe kufikia Novemba, na mteremko mzima huinama na kuinuka pamoja, bila sauti nyingine isipokuwa mchakacho wa majani yanayosuguana.

Mwaka 1867 jemadari Liu Mingdeng alipita hapo, akakutana na ukungu na upepo mkali, akaagiza herufi moja ya Kichina ichongwe juu ya mwamba, yenye maana ya chui milia. Maandiko ya kale ya Kichina husema kwamba upepo humfuata chui milia, hivyo mnyama huyo aliwekwa pale autulize. Jiwe lingali wima kando ya njia, na kila Novemba masuke meupe hulalia upande wake.